Ufa wa Mnara wa Kaskazini

Nimefanya kazi ya kusimamia vyumba miaka mingi katika hoteli iliyojengwa kama ngome, na katika miaka yote hiyo niliogopa siku nne tu. Siku nne hizo zimenikaa mwilini kuliko zote.

Hoteli yenyewe ipo Kilwa Kivinje, nyuma ya mtaa wa nyumba kongwe, upande ambao maji ya bahari yakipwa unabaki kutazama tope na mizizi ya mikoko. Ukiiona mara ya kwanza utacheka. Ina minara minne ya duara, kuta zenye meno kule juu, na lango la mbao ambalo watu wawili hulisukuma kwa mabega. Wageni waliokwenda kuona magofu ya Songo Mnara wakirudi huniuliza, "Na hili nalo lilikuwa la masultani?" Huwajibu hapana, hili ni la bosi wetu.

Bosi alikuwa baharia. Alizunguka na meli ujana wake wote, na katika sanduku lake alitunza picha aliyoikata kwenye kalenda: ngome ya Ulaya juu ya mlima, minara imechongoka, mto unapita chini. Aliporudi nyumbani akanunua gofu la nyumba ya mfanyabiashara wa zamani. Nyumba ile ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko, kuta nene kiasi kwamba mtu mzima aliweza kukaa dirishani na kukunja miguu. Wenyewe walihama zamani. Ikawa ghala la ufuta, baadaye ghala la korosho, mwisho ikalala mbuzi. Bosi hakuibomoa. Aliizungushia ngome yake: juu akapandisha matofali ya saruji, na kwenye kila pembe akaongeza mnara. Ramani aliichora mwenyewe, kwa penseli.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi wa nyumba za zamani, na chokaa alichoma mwenyewe. Siku hoteli ilipofunguliwa alizunguka akigusagusa kuta, kisha akaniambia, "Jiwe la matumbawe linapumua, mwanangu. Hii saruji imeliziba pua." Nilimwona mzee mwenye wivu wa kazi za vijana.

Alhamisi moja ya masika alishuka kwenye gari bibi mmoja mwembamba, amejifunga kanga mbili, anatoka Unguja. Mjukuu wake alimleta, akaendelea na safari yake ya kikazi Lindi, angempitia Jumapili. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka chumba cha chini, cha mnara wa kaskazini."

Nilishangaa kwamba alijua kaskazini ni wapi. Vyumba vya minara havipendwi: vina giza, kwa sababu bosi alitaka madirisha membamba kama yale ya ngome za vita, upana wa kiganja na nusu. Lakini mgeni ameomba. Nilipofungua, mlango ulikwama. Nilisukuma kwa nyonga ndipo ukakubali, ukiburuza sakafuni. Juzi yake nilikuwa nimeufunga kwa kidole kimoja.

Mvua, nikajiambia. Mbao imevimba.

Ijumaa asubuhi bibi aliniita. "Mwanangu, mto wangu una vumbi. Nimeukung'uta alfajiri, na sasa tena."

Nikapitisha mkono. Lilikuwa vumbi jeupe, laini kama unga. Nilisogeza kabati ili nitazame ukuta, na nyuma yake nikakuta ufa umepanda kutoka sakafuni hadi dari, ncha ya kidole changu inaingia. Nikasogeza sikio. Ndani ya ukuta kulikuwa na kitu kinachoporomoka, kidogo kidogo, kama mchanga. Kilinyamaza, kikaanza tena. Nilihisi nywele zinanisimama chini ya kilemba.

Nikampigia baba simu. Hakuniuliza maswali mengi.

"Chukua chokaa laini, paka juu ya ufa, upana wa vidole viwili. Iache ikauke. Ikipasuka, ukuta unatembea."

Nilipaka sehemu tatu. Nilimsihi bibi ahamie chumba kingine, nikamwambia kuna hitilafu ya ukuta. Alikataa kwa upole. "Nimekuja kulala hapa, siyo kwingine. Umri wangu huu, ukuta utanitisha nini?" Sikuwa na ujasiri wa kubishana na mtu wa umri wa bibi yangu. Nilienda nyumbani na usingizi ulinipaa.

Jumamosi zile chokaa zote tatu zilikuwa zimepasuka katikati. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa bosi.

"Bosi, mnara wa kaskazini unatembea."

Aliweka kikombe chini. "Mama, kila jengo hutulia. Hilo ni lipu tu."

"Lipu haitoi sauti."

"Jumatatu nitamleta mhandisi kutoka Lindi. Vyumba vya juu havina mtu. Usiwatie watu hofu."

Alisema hivyo bila kunitazama, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikampigia baba tena nikamwomba aje mwenyewe, kisha nikarudi kwa bibi. Nilimkuta ameketi kitandani, ameshika tasbihi.

"Bibi, nakuomba. Kwa heshima zote. Toka humu."

Aliweka tasbihi pembeni. "Unajua kwa nini nimetaka chumba hiki? Nyumba hii ilikuwa ya babu yangu. Nilizaliwa humo ndani, na hapa tulipo palikuwa uani. Kisima kilikuwa hapa hapa, chini ya kitanda hiki. Mama alikuwa akiniogeshea ukingoni mwake. Nilitaka nilale nimsikie." Akatabasamu. "Kwani kisima mlikihamishia wapi?"

Kisima hakihamishwi. Nikakimbia kwenye korido, nikapita ukumbini, nikaingia kwa bosi bila hodi.

"Chini ya mnara ule kuna kisima."

Uso wake ulibadilika rangi mbele yangu. Akasema polepole, "Tulipochimba msingi tulikuta udongo laini. Mafundi waliniambia tusimame. Niliwaambia waongeze mawe, tuendelee."

"Ulijua?"

"Sikujua kama ni kisima. Wallahi sikujua." Lakini alikuwa ameshasimama na kuanza kukimbia, mzee yule, kandambili zikimvuka.

Nilimtangulia. Nilipoingia, bibi alikuwa ameshatandika mswala na kuanza sala ya adhuhuri. Sakafu ilikuwa imeinama, na mlango ulijifunga nyuma yangu kwa uzito wake. Niliuvuta. Haukusogea. Nikauvuta kwa mikono miwili, mguu nimeukaza ukutani. Haukusogea hata kidogo.

Ndani ya ukuta ile sauti sasa haikuwa ya mchanga. Zilikuwa kokoto, zikigongana zikishuka. Vumbi lilimwagika juu ya mswala, juu ya mabega ya bibi, naye akarukuu, akasujudu, akainuka kana kwamba yuko msikitini kwa starehe. Nilitaka kupiga kelele, nikaona haya ya kuikata sala yake, na hadi leo sielewi ni haya gani ile ya kumzuia mtu asipige kelele wakati jengo linamwangukia. Kigae cha sakafu kilipasuka karibu na mguu wangu kwa mlio wa kukata. Nilikimbilia dirishani. Kichwa hakikupita. Bega ndiyo kabisa. Dirisha la ngome limejengwa ili adui asiingie, na aliye ndani naye hatoki.

Uso wa bosi, aliyezunguka kwa nje, ukatokea upande wa pili, umelowa mvua.

"Mlango!" nikamwambia. "Umebanwa na ukuta!"

Bibi alitoa salamu, kulia, kushoto. Akaniangalia na safari hii niliona naye anaogopa. "Nishike mkono," akasema. Tulisimama pale tumeshikana, kiganja chake kikavu ndani ya changu. Sikumbuki tulisoma nini. Najua tulisoma.

Kisha nikasikia sauti ya baba koridoni, akimwambia bosi kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia nao: "Usigonge! Ukigonga unauangusha. Shika huku, tunyanyue." Alikuwa amekuja na mtaimbo wake wa zamani. Waliupitisha chini ya mlango, wakaunyanyua ubao kutoka kwenye bawaba, taratibu, wazee wawili wakihema. Pengo likatokea. Bibi alipita kwanza, ubavu ubavu. Mimi nilipita nikaacha kilemba na kiatu kimoja.

Baba aliwatoa watu wote hotelini, hadi mpishi na sufuria yake. Tulivuka barabara tukajibanza kwenye baraza la jirani, na bibi akapewa chai. Mnara haukuanguka. Jioni ilifika haujaanguka, na baadhi ya wafanyakazi walianza kunong'ona kwamba nimefukuza wageni kwa ndoto zangu. Nami nilianza kujitilia shaka.

Ulianguka Jumapili, saa nne asubuhi, mvua imekatika na jua limetoka. Nilidhani utaanguka kama mnazi. Haukuanguka hivyo. Uliketi. Ulishuka wima ndani ya ardhi, ukasita, kisha meno ya juu yakageukia upande wetu na yote yakamwagika. Vumbi liliziba mtaa. Hakuna aliyeumia. Ukuta wa zamani wa matumbawe uliokuwa umeegemewa na mnara ulibaki umesimama, umekwaruzwa tu. Baba aliugusa.

Mjukuu alipomfuata bibi, alimkuta amesimama kwenye kamba tuliyozungusha, anachungulia shimo. Mzunguko wa mawe ya kisima ulionekana upande mmoja chini ya kifusi. Bibi alilia kidogo, akaniombea dua, akaondoka.

Minara mitatu iliyobaki ilishushwa nusu kwa amri ya mhandisi. Hoteli ikafungwa miezi kadhaa. Nilipoitwa kurudi nilikuwa na nia ya kukataa, nikaenda kumwambia bosi ana kwa ana. Nilimkuta barazani anamenya chungwa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Siku ile ya msingi watu wa mji walikuwa wamejaa pale kututazama. Wengine walikuwa wanacheka, baharia anajenga ngome. Ningesimamisha kazi wangesema, 'Tulijua tu atashindwa.' Niliogopa kuchekwa, mama. Basi."

Akanikatia nusu ya chungwa. Nilikula. Nilitaka kumkasirikia na nilimkasirikia, lakini niliketi. Tulikaa hadi mvua ndogo ikapita, kisha nikaingia ndani kuhesabu shuka.