Spika ya Kushoto

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema mapema ili mnicheke kwa haki yenu. Miaka kumi na minane nimefundisha mawimbi ya sauti, nimechora ubaoni sikio na ngoma yake na vifupa vyake vitatu, na nimewapa sifuri watoto wa watu kwa kusahau kifupa kimoja. Kasulu nilikuja kwa barua ya uhamisho kutoka Tanga, na godoro langu likiwa limefungwa kamba juu ya basi. Hilo godoro nalo likumbukeni.

Ugonjwa wenyewe niliuokota kwenye simu. Kuna wazee huko Ulaya wanaojirekodi wakiwa wamekaa peke yao chumbani, hakuna mtoto, hakuna kuku, wamefumba macho wanasikiliza muziki. Nikawatazama mwezi mzima. Nikajifunza kwamba amplifaya na spika ni lazima vioane: amplifaya dhaifu ikiozwa spika nzito itakoroma tu, na yenye nguvu ikiozwa spika nyonge itaiunguza. Nikajifunza kwamba msikilizaji hukaa katikati, umbali sawa na spika zote mbili, asisogee hata shubiri. Nikapima sebule yangu kwa futi kamba na kubandika plasta sakafuni pale miguu ya kiti inapokaa. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, akawa anaikanyaga ile plasta kila akipita na sufuria. Makusudi kabisa!

Amplifaya niliiagiza Dar, ya mtumba lakini ya heshima, ikaja imevikwa blanketi. Kwa upande wa spika niliambiwa mtu ni mmoja tu, fundi wa redio mwenye kibanda sokoni Kibondo. Nikamfuata. Ni mtu wa rika langu, mlokole, mpole, kila neno analipima kabla ya kulitoa. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa ni raia kama mimi na wewe. Aliniuliza nguvu ya amplifaya, ukubwa wa chumba, kama kuna dari. Kisha akauliza, "Na unapenda kusikiliza nini, mwalimu?" Nilikuwa nimewaza vyombo mpaka nimesahau muziki.

Alichonga makasha ya mninga, mazito kama majeneza, akaja nayo mwenyewe kwa basi mpaka Kasulu. Akaunga waya, akawasha, akasikiliza kichwa chini. "Ego," akasema, yaani ndiyo. "Zinaimba sawa."

Nikakaa kwenye plasta yangu. Ya kulia ilikuwa inaimba. Ya kushoto inanong'ona.

"Ya kushoto imelala," nikasema.

"Ziko sawa, mwalimu. Au tuzihamishe, hii iende kule na ile ije huku, tuone."

Jamani! Kazi ya dakika tano. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeifanya. Nikamjibu, "Usinifundishe fizikia." Akakusanya vifaa vyake, akawahi basi lake.

Mke wangu naye akasema ziko sawa. Nikamuuliza yeye anajua nini. Akajibu kitu ambacho sikukisikia, maana alikuwa amekaa kushoto kwangu, na kwa miaka mitatu nilikuwa naamini kwamba huyu mwanamke ameanza tabia ya kunung'unika. Nilishamlalamikia hata kaka yake.

Miezi miwili nilihangaika na ile spika. Nilitundika pazia, nikatandika mikeka, nikahamisha kabati. Mvua zikaanza, na mvua za huku zikipiga bati hata tarumbeta halisikiki, lakini mimi nilikuwa nakaa pale pale kwenye plasta, nimekunja uso, nasikiliza ubovu. Mke wangu akaniuliza kama ndivyo wale wazee wa Ulaya wanavyofanya.

Basi walimu tukaitwa semina Kibondo, nayo ikaangukia siku ya gulio. Mchana nikaenda kwenye kibanda cha fundi. Watu wamejaa, na mbele yake wamesimama wazee wawili wa kanisa na karatasi ya vipimo. Walikuwa wanajenga kanisa jipya, wamekuja kumpa kazi ya vipaza sauti, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Hayo nilielezwa baadaye, ila hata ningejua siku ile nisingefunga mdomo. Nilimwita tapeli. Nikasema kazi yake ni ya upande mmoja. Halafu nikaongeza lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia aibu mwili mzima: "Mtu aliyeingia nchi hii na mkeka kichwani atajua nini habari za sauti?"

Soko lile nusu yake ni watu ambao wazazi wao waliingia na mkeka kichwani. Waliokuwa wananunua waliacha kununua. Wazee wa kanisa wakakunja karatasi yao, wakamwambia kwa upole kwamba watasubiri jina lake lisafishwe kwanza. Fundi hakunitukana. Alisema tu, "Jumamosi nakuja kwako, mwalimu."

Alikuja. Akakaribishwa chakula, akakataa. Akaletewa maji, hakuyagusa, na huku kwetu mtu akikataa maji ya nyumba yako ujue hakuja kwa mazungumzo. Akanikalisha kwenye plasta, akawasha muziki.

"Ipi imelala?"

"Ya kushoto. Ile ile."

"Simama. Geuza kiti, utazame mlango."

Nikageuza kiti, nikakaa, spika zote mgongoni. Na ile maiti yangu ya miezi miwili, ambayo sasa ilikuwa upande wa sikio langu la kulia, ikaanza kuimba. Iliimba vizuri, vizuri mno, na nyuzi za gitaa nilizihesabu. Mwenzake ndiye aliyelala sasa.

"Na sasa ipi imelala?" akauliza.

Nilifikiria kudanganya. Fizikia ina uongo wa kutosha kwa mwenye shida: mwangwi, ukuta, unyevu wa mvua. Lakini mke wangu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni ananitazama.

"Ile nyingine," nikasema.

Mke wangu akaja akasimama kulia kwangu, kusudi nisikie. "Miaka mitatu nakwambia husikii, baba! Ukaenda kumwambia kaka yangu mimi mnung'unikaji!"

Daktari alinichungulia, akanipima, akasema sikio la kushoto limekufa siku nyingi, polepole, na halirudi. Kumbe kila kitu sebuleni kwangu kilikuwa kimeoana isipokuwa mimi.

Ugomvi wa huku huisha kwa kunywa pamoja. Kwa kuwa fundi ni mlokole, nikapanda basi kwenda Kibondo na kreti ya soda, najiona muungwana. Aliitazama kreti, hakufungua hata moja. "Ulinisema sokoni," akasema. "Soda ni mambo ya sebuleni. Lete zile spika."

Nikakodi gari, nikazipeleka siku ya gulio, na amplifaya ndani ya blanketi lake, mke wangu naye akapanda. Aliziunga mwenyewe mbele ya kibanda, akanipa maikrofoni, akakaa kwenye kigoda chake. Wazee wa kanisa walikuwepo, aliwaita.

Nikasema spika ni nzima zote mbili, kiziwi ni mimi. Nikasema niliyemwita tapeli ndiye aliyejua, na mimi mwalimu sikujua. Nikasema kwamba mimi mwenyewe niliingia Kasulu na godoro juu ya basi, na hakuna aliyenisimanga. Mama mmoja muuza maharage akapaza sauti kutoka nyuma, "Hatujasikia huku, rudia!" Alikuwa amesikia, mchokozi yule. Nikarudia. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na sauti yangu ilitoka safi, nene, imejaa, pande zote mbili. Zile spika hazijawahi kufanya kazi nzuri kama siku ile. Wazee wa kanisa wakatoa karatasi yao, wakamwekea fundi mezani.

Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni, natazama watu, fundi alipoinuka na kuanza kufungua waya. Akaja karibu yangu, akaniwekea mkono begani, akasema maneno machache, kisha akarudi kwenye waya zake.

Alisimama upande wa kushoto.

Nilimuuliza mke wangu, ambaye alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, fundi amesema nini, amenisamehe au amenilaani.

"Kamuulize mwenyewe," akasema, "na umpe sikio zima."

Kila nikipita Kibondo namsalimia, naye ananiitikia vizuri. Lile swali bado sijaliuliza.