Makovu Madogo Mno

Mama yangu alikufa akiamini kwamba nina ukimwi, na wa kulaumiwa ni mimi. Sina ukimwi. Nilikatwa tumbo kwa hiari yangu nikiwa na miaka hamsini na mmoja, ili nipungue, na nikapungua. Mwaka mzima uliofuata sikuwa na haja kubwa kuliko hii moja, kwamba mama aamini sifi. Nilishindwa.

Nieleze kwanza operesheni yenyewe, maana nimechoka na watu wanaosema eti nilinyonywa mafuta kwa mpira. Mafuta hayakuguswa. Daktari alinichorea kwenye karatasi, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kujumlisha. Alitenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, saizi ya yai la kuku wa kienyeji, akaifunga ikawa kifuko peke yake. Tumbo lililobaki halikutolewa. Limo humu ndani hadi leo, ila chakula hakilipitii tena. Kisha akaukata utumbo mwembamba, akauvuta juu na kuuunganisha na kile kifuko, ili chakula kipite njia ya mkato. Unakula vijiko vichache, umeshiba, na hata hicho kidogo mwili hauchukui chote. Ndiyo sababu unameza vidonge vya vitamini na madini kila siku ya maisha yako. Unatafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni, hunywi maji wakati wa kula, na sukari unaikimbia, kwa kuwa ikiporomoka ghafla hadi kwenye utumbo, mwili wote unavurugika. Hayo yote niliambiwa nikatia sahihi.

Sikwenda kwa ajili ya urembo. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na mbili. Ugonjwa wa sukari ulishaanza kunitia ganzi miguuni, na darasa la nne nilikuwa nalifundisha nikiwa nimeketi, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma. Watoto walikuwa wamenipa jina ambalo sitaliandika hapa. Pale Meru mjini nilimwambia mwalimu mkuu peke yake, kwa sababu nilihitaji likizo. Wengine sikuwaambia kwa kuwa niliona aibu. Mtu mzima, mwalimu, anakwenda kufungwa tumbo na madaktari kwa sababu ameshindwa kuufunga mdomo wake mwenyewe! Ndivyo nilivyojua watasema, kwa kuwa ndivyo ningesema mimi.

Kwetu ni Kianjokoma, na mama aliishi huko peke yake kwenye kipande cha shamba la chai. Sikuolewa, kwa hiyo kwake ndiko kulikokuwa nyumbani. Alituzaa watatu, mimi nikiwa kitinda mimba. Kaka yangu mkubwa alifanya kazi kwenye shamba la ngano Timau. Alirudi akiwa amevaa koti zito, na watu wakasema ni baridi ya huko. Alipolivua ndani ya nyumba tuliona lilichokuwa likificha. Miaka minne baadaye kaka wa pili naye alirudi vivyo hivyo. Wakati ule hakuna aliyelitaja gonjwa lile kwa jina lake. Wote wawili walisema ni tumbo tu linawasumbua. Mama aliwalisha kwa kijiko, akawaosha, akawazika mmoja baada ya mwingine karibu na kaburi la baba. Mimi nilikuwa Meru nikifundisha, na nilikuwa nikija Jumamosi na kuondoka Jumapili.

Baada ya operesheni nilikaa miezi minne bila kwenda nyumbani, nikimdanganya mama kwa simu kwamba shule ina mitihani. Nilipokwenda nilikuwa nimepoteza zaidi ya kilo thelathini, na nywele zilikuwa zikinitoka kwa mafungu. Nilimkuta kwenye chai, kikapu mgongoni. Alikitua chini, majani yakamwagika, hakuyaangalia. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikazunguka vikakutana. Mama aliniita Mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, una nini?"

Nilijibu bila kufikiri. "Ni tumbo tu linanisumbua."

Baada ya kuyatamka ndipo nilipokumbuka nimeyarudia maneno ya nani. Uso wake haukubadilika sana. Aliinama akaanza kuyaokota majani, moja moja, na mimi nikasimama pale kama mjinga. Ningeweza kumwambia ukweli dakika ileile. Nilijiambia nitamwambia jioni, na jioni nikajiambia nitamwambia safari ijayo.

Siku hiyo alinipikia njahi, yale maharagwe meusi yanayopikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili damu irudi. Alinipakulia sahani iliyojaa hadi ukingoni. Nilikula vijiko vinne, nikasema nimeshiba. Alitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akaifunika sahani yake mwenyewe bila kuionja. Saa mbili usiku nikatoa vidonge vyangu.

"Utavimeza hadi lini?" akauliza.

Nikamwambia ni vya maisha. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Akaniambia kwa upole nisiache hata siku moja, siku hizi watu wanaishi navyo, hata kuna mama mmoja wa kanisani kwao anaishi navyo na ana wajukuu.

Mjini hali haikuwa tofauti sana. Wanawake wa kanisa walianza kuniletea maziwa na kunishika bega muda mrefu kuliko kawaida. "Teacher, umeisha hivyo kwani ni nini?" mmoja aliniuliza, na wenzake wakajifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba. Hao sikuwajali, na wengine nilifurahia kuwaona wakihangaika. Kilichonikosesha usingizi ni mama. Jirani aliyemsaidia kupogoa chai alinipigia simu akasema mama hali chakula vizuri. Ukimpelekea chakula anauliza kama mimi nimekula.

Nikaenda tena. Aliketi mbele ya sufuria na kusema hataonja kitu mpaka nile. Alikuwa amekonda yeye sasa, mifupa ya mabega imechomoza chini ya sweta. Nikaona bora nimalize ubishi huu kwa kitendo. Nilichukua kikombe kikubwa cha uji wa wimbi nikanywa chote, harakaharaka. Alikuwa ametia sukari nyingi, kama ya kumkirimu mgeni. Mama akacheka, akajimiminia wake, akaanza kunywa. Kwa muda wa dakika kama kumi na tano tulikuwa watu wenye furaha.

Kisha moyo ukaanza kunienda mbio. Jasho likanitoka mpaka blauzi ikashika mgongo, macho yakaingiwa na giza, tumbo likasokota. Nilikimbia nyuma ya jikoni lakini sikufika chooni. Niliposikia hatua zake nilitaka ardhi inimeze. Alikuja na beseni, maji ya vuguvugu, kitambaa cha zamani na kanga safi, vyote vikiwa tayari mikononi, akanisafisha kwa mpangilio ule wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Nililia, na alidhani nalia kwa maumivu.

Hapo ndipo nilipomwambia yote. Nilimwambia tumbo limekatwa, njia imebadilishwa, uji umeniletea hayo kwa sababu ya sukari, baada ya saa moja nitakuwa mzima. Nilifunua blauzi nikamwonyesha makovu. Siku hizi wanapasua kwa matundu, wanaingiza vyombo vyembamba pamoja na kamera, kwa hiyo nilikuwa na makovu matano, kila moja kama ukucha wa kidole kidogo. Aliyapapasa yote.

"Mtu apasuliwe tumbo zima, halafu abaki na haya?"

Nikatoa karatasi za hospitali. Akasema kaka zangu nao walikuwa na karatasi.

Wiki iliyofuata nilimchukua, tukaenda pamoja hadi zahanati. Nilipimwa mbele yake. Muuguzi, msichana mpole, alimwonyesha mama kile kipimo chenye mstari mmoja, akamweleza kwa Kiembu, lugha yetu, kilichonyooka kwamba mtoto wake hana virusi. Mama alimshukuru kwa mikono miwili. Nilitoka nje nikiwa mwepesi, nikijiambia yamekwisha. Tulipofika kwenye kona ya barabara akasimama, akashika mkono wangu.

"Huyu msichana umempanga vizuri. Hata yule wa kaka yako ulimpanga vizuri."

Kaka wa pili alipokuwa amelazwa, ni mimi niliyemfuata muuguzi nyuma ya wodi nikamsihi amwambie mama ni vidonda vya tumbo. Nilifikiri namhurumia. Muuguzi akakubali, mama akaitikia, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilijisifu moyoni kwamba nilimpunguzia mzigo. Kumbe alijua siku ileile, na alinyamaza ili mimi nisijue kwamba anajua.

Tangu hapo sikuwa na neno lililobaki la kumwambia. Nilijaribu kumshawishi kwa mwili wangu. Nilirudi nikiwa natembea bila ile fimbo niliyoitegemea enzi za unene, nikachuma chai naye kikapu kizima, nikamwonyesha kwamba ganzi ya miguu imeisha. Alisema nimejitahidi. Aliniombea kila asubuhi kwa sauti ya chini, akimwomba Mungu amtangulize yeye, kwa kuwa kumzika wa tatu hataweza. Nilisikia kupitia ukuta wa mbao, nikamchukia daktari, nikachukia kile kifuko changu, nikajichukia mwenyewe kuliko vyote.

Ombi lake lilisikika. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, kifua kilimbana siku nne tu, akafa.

Asubuhi ya mazishi wanaume wanne walikuja kuchimba kaburi, yule jirani akiwaongoza. Niliwaonyesha nafasi iliyokuwa wazi kando ya kaburi la kaka wa pili, palipofyekwa vizuri, hapakuwa na hata shina moja la chai. Nikasema mama alale hapo na wanawe. Hakuna aliyeinua jembe. Jirani akavua kofia.

"Hapo alisema paachwe, mwalimu. Alipalima mwenyewe. Alisema ni pako."

Akaelekeza mkono upande mwingine wa kaburi la baba, ambako mama alikuwa amenyoosha kamba kati ya mashina ya chai ambayo yangelazimika kung'olewa. Nilitaka kuwaambia kwamba siumwi. Nikawaona wanavyoitazama mikono yangu iliyokonda, nikawaambia wachimbe pale aliposema.