Chandarua Kilichokwenda Ziwani

Mwezi wa kwanza, samaki walipokuwa haba sokoni kwetu Kilwa, upande wa Kongo, niliamua kuvuka Ziwa Mweru kwenda kumwona mdogo wangu Béa. Anaishi Mantapala, makazi ya wakimbizi upande wa Zambia, na alikuwa amenitumia ujumbe kwamba bwawa walilochimba limefika siku ya kuvuliwa. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nilitaka kuona kwa macho yangu samaki wanaofugwa kama kuku.

Saa moja asubuhi mashua ya injini iliondoka. Tulikuwa abiria tisa, magunia ya chumvi na mbuzi mmoja aliyeogopa maji kuliko sisi sote. Kadiri tulivyokaribia Zambia, mitumbwi ya wavuvi ilipungua, mwishowe hatukuona hata mmoja. Kila mwisho wa mwaka serikali ya huko hufunga uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazae.

Nchelenge, bandari ya Zambia, baada ya kugongewa muhuri wa kuingia, nilikwenda kwa Bana Mwape, mama wa Kibemba anayeniuziaga chisense, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nilimkuta akipalilia mihogo. "Mwaiseni, mukwai," alinikaribisha, akanipa karanga za kuchemsha. Nilimwuliza wanaishije ziwa likifungwa. Akanieleza kwamba zamani mume wake alichukua chandarua cha watoto kilichotoka kliniki, akakishona kuwa wavu. Kilizoa kila kitu, hata vifaranga vya samaki vidogo kama ukucha. Mwezi haujaisha, mtoto wao Mwape akashikwa na malaria, akalazwa siku sita. Tangu hapo yeye na wenzake wanapita nyumba kwa nyumba wakiwaomba watu warudishe vyandarua kitandani.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha biashara, "Na kwako, Mama Rachel, batoto banalala ndani ya chandarua?"

Chandarua chetu kilikuwa kwenye mtumbwi wa mume wangu, nacho kimeshonwa kuwa wavu.

"Iko ziwani," nikasema.

Hakunicheka wala hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba uvuvi ukifunguliwa hataniuzia tena samaki ambao wavuvi wengine bado wanawavua kwa chandarua, nami nisiwanunue kwa mwingine. Iliniuma. Samaki hao ndio waliomsomesha Rachel.

Mchana teksi ilinipeleka Mantapala. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, tukashuka mara mbili kusukuma. Béa alinipokea akiwa na tope hadi magotini, kwa kuwa kazi ilikuwa imeshaanza. Wanawake sita na wanaume wawili waliburuta wavu wa matundu makubwa, wakatoa samaki wanene aina ya perege, ambao huko huitwa "pale", na wadogo wakawarudisha majini. Tuliwala kwa bukari, ugali wetu, nikashiba kweli. Nilipomsifu, Béa alitikisa kichwa.

"Yaya, hizi haziwezi kutosha kampi yote," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Zinatuvusha tu miezi ile ziwa imefungwa. Ingine njo maharagi."

Yaani kilichopungua walikijazia maharagi, na shamba lake lilianzia palepale kando ya bwawa, likinyweshwa kwa maji yake yaliyojaa mbolea ya samaki.

Siku ya tatu nilirudi na nusu gunia la maharagi. Upepo ulituchelewesha ziwani, nikapata muda wa kupanga maneno yangu.

Kilwa, baada ya chakula, nilimweleza mume wangu yote. Baba Rachel si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza tutakula nini akiuacha wavu ule. Nikamwambia nimepatana na Béa: nitauza maharagi yake, na yeye, mume wangu, avue kwa wavu wa matundu makubwa, hata kama ataleta wachache.

"Wavu wa vile njo baba yangu alikuwa anatumikisha," alisema mwishowe. "Na samaki ilikuwaka mukubwa."

Kesho yake alifumua mshono mwenyewe, uzi kwa uzi. Mimi na Rachel tulikifua chandarua mara tatu, tukakitia viraka, nasi tutakitumia mpaka kliniki itakapogawa vipya.

Nilikuwa nadhani kulinda ziwa ni kazi ya askari wenye boti. Sasa najua ziwa linalindwa pia na shamba la maharagi, na mama anayepita nyumba kwa nyumba, na kitanda cha watoto. Wanangu wanalalamika kwamba chandarua bado kinanuka chisense. Ninawaambia wavumilie.