Ndoano ya Kulinda Bampa

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya kampuni yetu, pale Kabiria, nililala chini ya lori kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Kazi ya kampuni ilikuwa kupima vina vya mabwawa na maziwa, kwa hiyo tulikuwa na boti, na boti haina miguu. Msimamizi wa Yadi alinitupia gunia la kulalia akasema, "Hapa gari haisomwi ukiwa umesimama. Ingia chini." Niliingia. Nilikaa huko chini miaka mingi, na ninawaambia kweli, hiyo ndiyo miaka pekee ya kazi yangu ambayo siionei aibu.

Vijana huniuliza pikapu gani inafaa kuvuta boti, nao wanataka jina la gari tu. Sisi hatukuanza na gari. Tulianza na boti, tena ikiwa imebeba kila kitu: injini yake, mafuta, betri, nanga, pamoja na trela yenyewe. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za kiwandani ni wa boti tupu, na hakuna anayekwenda ziwani na boti tupu. Tuliipeleka kwenye mizani. Kisha tulipima uzito wa pua, yaani ule ambao trela inaukandamiza kwenye ndoano ya gari. Ukizidi, gari huinua kichwa na usukani unakuwa mwepesi. Ukipungua, trela hutikisa mkia barabarani. Dawa yake ni kuisogeza boti mbele au nyuma juu ya trela mpaka ikae sawa.

Mapema katika miaka ya elfu mbili, Msimamizi alistaafu nami nikapandishwa cheo, nikawa Ofisa wa Usafiri mwenye meza katika ofisi yetu ya mjini. Mkurugenzi, mtu mpole aliyependa wafanyakazi nadhifu, alinipokea hivi: "Sasa wewe ni ofisa. Hiyo ovaroli wachia mafundi." Nikanunua suti ya kijivu. Nilijipenda sana ndani yake, nalisema hilo bila kuzungusha maneno.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua pikapu mpya ya kuvuta boti. Nilitaka ya dizeli, kwa sababu dizeli huvuta kwa nguvu hata gari likienda polepole. Nilitaka inayosukumwa na magurudumu yote manne, kwa ajili ya tope la ufukweni, na yenye fremu nzima ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Tena iwe nzito, maana gari jepesi husukumwa na mzigo wake. Tuliipata Muthangari, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiitumia kupeleka watoto shule. Nikaongeza spring za nyuma, nikabadilisha breki, nikaweka vioo virefu na nyaya za taa za trela.

Pikapu hiyo ilikuja na ndoano yake nyuma, ile mafundi huiita towbar, nene, nyeusi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipopotea. Nairobi watu wengi hufunga ndoano bila kuwa na chochote cha kuvuta. Wanalinda bampa, ili anayekugonga kwa nyuma kwenye foleni aumie yeye. Ndoano ya namna hiyo hushikwa na boliti mbili kwenye bati la bampa. Ya kuvutia mzigo hufungwa kwenye fremu. Kwa juu zinafanana kama pacha, na ukitaka kujua ni ipi, lazima ulale chini.

Siku ya kwanza ya kuitumia, Mkurugenzi alitaka boti ipelekwe mjini, wageni wake waione mbele ya ofisi. Nilifika yadi asubuhi nimevaa suti. Mutua, fundi wetu, alikuwa anamalizia kupaka rangi.

"Mutua, hiyo towbar imeshika?"

"Imeshika, mzee. Si unaona hata nimeipiga rangi?"

Nikatia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi. Mutua hakusema uongo. Nilimuuliza kama imeshika, sikumuuliza imeshika wapi, na suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi.

Barasa, dereva wetu kutoka Bungoma, ndiye aliyeendesha. Tulipokuwa tukipanda mlima karibu na Muthangari, mwenye gari aliyekuwa nyuma yetu alitupita akipiga kelele, "Buda, taa zenu za nyuma hazishiki!" Tukasimama. Nilishika mlango nishuke, Barasa akanizuia.

"Kaa tu, mzee, utachafuka. Shika usukani ukanyage breki, mimi nitaangalia huko nyuma."

Akavuta breki ya mkono, akashuka, akaenda nyuma ya trela.

"Kanyaga! Moja imewaka. Achilia. Haya, kanyaga tena!"

Nilipoachilia, breki ya mkono haikuweza kushika uzito wote ule mlimani. Gari likarudi nyuma, nikashtuka, nikakanyaga kwa nguvu. Gari likasimama, trela haikusimama. Nikasikia bati likipasuka. Mnyororo wa usalama, ambao kazi yake ni kushika trela ndoano ikiachia, ulikuwa umefungwa kwenye ndoano ileile, kwa hiyo vyote viliondoka pamoja.

Barasa alikatwa miguu yote miwili.

Kikao kiliitwa mjini. Mkurugenzi aliniuliza, "Ofisa, ulikagua?" Nikajibu, "Karatasi iko na sahihi yangu, sir." Hakuna aliyeuliza zaidi. Lawama zikamwangukia fundi. Mutua akafutwa kazi, akaondoka na spana zake kwenye gunia, nami nilikuwa dirishani nikimwangalia. Nilistaafu kwa hotuba na keki. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amehamia kwangu kabisa, na hapigi hodi.

Mwaka jana nikasikia Mutua amefariki. Nikaenda Kabiria kwa Barasa, ambaye hutengeneza redio mlangoni pake, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani.

"Barasa, kuhusu ile towbar. Asubuhi ile mimi—"

"Mzee, wachia hapo."

Aliweka bisibisi chini.

"Nimechukia Mutua miaka hii yote. Juzi nikaambiwa amekufa. Nikaomba Mungu anisaidie nimsamehe, na nimemsamehe. Sasa ukiniambia ni mtu mwingine, si itabidi nianze upya? Sina hiyo nguvu tena."

Akamwita mkewe alete chai, akamwambia ammiminie mgeni kwanza, kwa kuwa huyu alikuwa mkubwa wake kazini.