Msagaji Aliyeipumzisha Insulini

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, walioketi na waliosimama, kwamba mtaa wetu umemtoa mwanafalsafa. Kazini anaitwa Pumba, msagaji wa nafaka, mwenye kisukari tangu ana miaka kumi na minne, na falsafa yake yote ni hii: mashine haizungushwi tupu. Mahindi yakiisha, zima, la sivyo mawe yatasagana yenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita alijichoma insulini asubuhi na jioni, bila makelele. Kisha mafua makali yakamwangusha. Akatapika chai, akatapika uji, akatapika hata maji. Akalala chali akafikiri, jambo ambalo mtu mwenye homa angepaswa kupigwa marufuku kulifanya, akaamua: nafaka haiingii, basi tunazima. Asubuhi hakujichoma. Jioni hakujichoma. Kesho yake mkewe akamkuta anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, pumzi inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Baba watoto, umechoma?"

"Nichome ya nini na sijala?"

"Nani kakwambia?"

"Akili."

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa."

Akampima. Sukari ishirini na nne, zaidi ya mara tatu ya kawaida, na kijikaratasi cha kupimia tindikali kwenye mkojo kikageuka zambarau iliyokolea. Mkewe hakusubiri falsafa nyingine, aliita teksi.

Hospitalini nesi akamtundikia dripu ya maji, kisha ya insulini, akavuta kiti.

"Baba, mwili hauzimwi. Ukiugua, ini linamwaga sukari hata kama hujatia kitu mdomoni. Bila insulini mwili hauwezi kuitumia hiyo sukari, unaanza kula mafuta yake wenyewe, na damu inajaa tindikali. Watu wanakufa hivyo. Ukishindwa kula, pima kila baada ya saa chache, kunywa maji kidogo kidogo, tupigie simu tukupangie kipimo cha insulini. Kuacha, hapana."

Pumba aliinua mkono wenye dripu.

"Kwa hiyo siku mbili hizi mashine ilikuwa inazunguka tupu?"

"Na wewe uko katikati ya mawe."

Mkewe aligeukia dirishani. Kanuni ileile iliyosomesha watoto wanne ilibaki kidogo tu iwafanye yatima, na mwenye nayo aliifuata kwa uaminifu kabisa. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si ujinga wake.

Mwezi uliofuata kliniki ilimwomba awaelezee wagonjwa wenzake jinsi alivyopambana na mauti. Watu walisogeza viti mbele. Mimi, jirani yake, nilikuwa na kalamu tayari kuiandika hotuba. Pumba akasimama, akakohoa.

"Ukiumwa, usiache sindano. Naomba nikae."