Raba za Breki za Gari la Baba

Baba yangu alikuwa dereva wa misheni tangu ujana wake, na alipostaafu walimwachia landrova aliyokuwa akiiendesha. Macho yake yalipoingia giza kwa ugonjwa wa presha ya macho, tuliliweka gari juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kipalapala. Likakaa miaka mitatu. Kuku walitagia chini ya kiti cha abiria.

Kisha mdogo wangu wa mwisho akachumbiwa, na harusi ikapangwa kufanyika Puge kwa wakwe. Baba akasema, "Nitaingia kanisani kwa gari langu." Watu wote sebuleni wakanitazama mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini ndimi mtoto niliyekua nikimshikia baba spana, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Nikaitikia. Sikusema kwamba gari lile nililiogopa. Nilipokuwa darasa la tano niliona lori lililofeli breki likiingia kwenye kibanda cha fundi cherehani, na mpaka leo nakumbuka jinsi watu walivyopiga kelele kabla ya kishindo.

Injini yenyewe haikunitisha. Ikikataa, unabaki nyumbani. Nilibadilisha plagi, platini na filta, nikafungua kabureta na kuisafisha kwa petroli. Baba alikaa kwenye kigoda, kichwa kakiinamisha upande. Nilipowasha, alisikiliza kidogo tu.

"Silinda moja haichomi. Angalia ya tatu."

Waya wa plagi ya tatu ulikuwa umelegea. Nilipoukaza, injini ikatulia, na baba akacheka peke yake.

Zikabaki breki. Tulikwenda mjini pamoja, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja anayemfahamu baba tangu enzi za kazi. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akaweka pakiti mbili mezani: raba za breki za zamani, orijino, kwenye kiboksi kilichopauka, na raba mpya za kopi.

"Sikudanganyi," alimwambia baba. "Hizi orijino ni nzuri, ila zimekaa sana dukani. Hizi nyingine ni kopi, lakini ni mbichi. Shika mwenyewe."

Baba alizikunja moja moja kwa vidole. Ile ya zamani ilipasuka ukingoni. Ile mpya ilijikunja na kurudi. Akainusa, akaikunja tena.

"Tuchukue mpya," alisema.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza neno moja tu: kopi.

Kazi ya kuzifunga ilinichukua siku mbili. Kila gurudumu lina silinda ndogo, na ndani yake raba mbili zenye umbo la kikombe. Mdomo wa kikombe lazima utazame ndani, kwenye mafuta, ili presha ikija uutanue na kuziba. Baba alinirudishia somo hilo kila gurudumu. La nne, la nyuma kushoto, nililifunga mvua ikinyemelea, mikono ikiteleza kwa mafuta ya breki.

"Mdomo umetazama wapi?" aliuliza.

"Ndani, baba."

Nilijibu bila kuangalia. Tukatoa upepo kwenye mirija, yeye akikanyaga pedali, mimi nikifungua na kufunga nati. Pedali ikawa ngumu.

Siku iliyofuata asubuhi tukatoka kujaribu, yeye pembeni yangu. Nilikanyaga breki kila baada ya hatua chache, mpaka akaniambia, "Utazimaliza kabla ya harusi." Zilishika vizuri. Tukafika mahali njia inapoteremka kuelekea reli. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa, treni ya mizigo inakuja, na mbele ya kizuizi walisimama akina mama wenye ndoo kichwani na vijana wa baiskeli zenye magunia ya mkaa. Wote wametugeuzia mgongo.

Nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini, laini kama naikanyagia kwenye uji.

Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nilitaka kupiga honi lakini mkono haukutii. Nilikuwa nawaona akina mama wale, rangi za khanga zao, na yule fundi cherehani wa utotoni alikuwa miongoni mwao.

"Breki hazipo," nilisema.

Baba hakupaza sauti. "Gia ya pili. Achia klachi." Injini ikanguruma, gari likajikaza. "Ya kwanza. Ingiza kwa nguvu. Sasa hendibreki, usiivute kwa mara moja. Kushoto kuna nini?"

"Shamba la mihogo!"

"Watu?"

"Hakuna."

"Ingia."

Tuliruka mtaro mdogo, tukalaza matuta manne ya mihogo, gari likazimika. Treni ikapita. Mwenye shamba alikuja mbio na jembe mkononi, amekasirika, lakini alipomwona baba akipapasa mlango kutafuta kitasa, aliliweka jembe chini.

"Shikamoo, mzee. Mmeumia?"

Nilishuka, nikatapika kando ya mtaro.

Tulipovutwa hadi nyumbani nilifungua gurudumu la nyuma kushoto. Mafuta yote yalikuwa yamevujia humo. Nilimwomba Mungu raba iwe imepasuka. Ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeifunga kinyumenyume.

Ningeweza kusema ni kopi. Baba asingeona, na mwenye duka asingejua kamwe. Nilikaa na ile raba kiganjani kwa muda mrefu, nikiogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mteremko.

"Baba, ni mimi. Niliigeuza. Uliponiuliza sikuangalia."

Alinyoosha mkono, nikampa. Akaipapasa.

"Nami niliuliza, sikushika," alisema. "Fungua zote nne. Safari hii nitagusa kila moja."

Akagusa kila moja, nilipoiingiza na kabla sijafunika. Nilitaka mtu mwingine aendeshe siku ya harusi, baba akakataa.

Barabara yote ya Puge niliendesha polepole mno, mabasi yakitupita kwa honi za hasira, mkono wangu ukirudi kwenye hendibreki kila nilipoona mtu mbele. Baba alikaa pembeni yangu na suti yake ya kahawia. Mbele ya kanisa akina mama walianza vigelegele na kulizunguka gari, nami nikabaki nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, injini imeshazimwa.

"Tumefika?" baba aliuliza.

"Tumefika."

"Basi teremka unifungulie mlango. Wananisubiri."