Sentensi Mbili Nilizoziruka

Kazi yangu ni kuwasemea watu. Kwa miaka mingi hapa Brussels nimekaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya afisa wa uhamiaji na mama aliyewasili juzi, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kifaransa. Siku tuliyopewa vyeti vya ukalimani tulikumbushwa kanuni moja: usiongeze, usipunguze. Nimeifuata hata pale ilipoumiza. Nimewahi kumwambia mtu kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ombi lake limekataliwa, naye akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyelikataa. Kanuni hiyo nimeivunja Jumapili moja tu, alasiri, katika ukumbi wa manispaa huko Koekelberg, mbele ya wanawake kumi na sita na sahani za sambusa.

Sisi wanawake wa kikundi chetu tunatoka pande mbili za ziwa moja. Wengine ni Wakongo wa Kivu, wengi wao Wakristo; wengine ni Warundi wa Bujumbura, wengi wao Waislamu. Karibu wote tulifika huku tukikimbia vita. Mara moja kwa mwezi tunaazimwa ukumbi, tunakula, tunasemana, tunarudi nyumbani. Mwaka juzi tuliamua kutazama filamu za historia, kwa sababu watoto wetu wanatoka shuleni na maswali na sisi hatuna majibu. Kwa kuwa baadhi ya wazee Kifaransa chao hakivuki dukani, mimi nilipewa kazi ya kusimama kando ya skrini na kutafsiri.

Namna hiyo ya kutazama niliijua tangu utotoni. Kule Uvira tulikuwa na banda la video, na ndani yake bwana mmoja mwenye kipaza sauti aliyesema Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji hadi sauti zao zikazama kabisa. Kwake yeye ndiko nilikojifunza kwamba Marekani watu waliuzwa, na kwamba watu wa kaskazini na wa kusini wa nchi ile walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hiyo. Nilitoka bandani nikiwalilia watu wa mbali. Shuleni tulikuwa na sura moja fupi kuhusu utumwa wa kwetu, na katika sura hiyo Wazungu ndio waliokuja kutukomboa. Sikuiunganisha na filamu. Kwa miaka mingi nilidhani utumwa ni jambo la Marekani.

Filamu yetu ya kwanza pale Koekelberg nayo ilikuwa ya huko huko. Wanawake waliitazama kama wanavyotazama mpira.

"Kimbia, mwanangu, usiangalie nyuma!"

"Hakusikii, maman, yeye iko Amerika."

"Atasikia tu! Kimbia!"

Taa zilipowashwa, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu kutoka Bukavu, alifuta miwani yake na kusema, "Bon. Hii ni ya bale ba Amerika. Ya kwetu iko wapi?"

"Kweli kabisa," akadakia rafiki yangu kutoka kiti cha mbele. "Tutafutie yetu, mdogo wangu. Watoto wanauliza, tunabaki kutoa macho."

Ni lazima nimweleze rafiki yangu huyu. Amezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na amenizidi miaka sita. Majira ya baridi niliyofika hapa nikiwa na mfuko mmoja, ni yeye aliyenipokea katika chumba chake karibu na kanisa kubwa la Basilika. Tulilala magodoro mawili yaliyogusana kwa miezi saba, nami sikuwa ndugu yake wala mtu wa dini yake. Sasa sote tunaishi Ganshoren, mitaa miwili inatutenganisha, na yeye anafanya kazi katika makao ya wazee. Sebuleni kwake kuna picha ya babu wa babu yake, mzee wa kanzu, aliyetoka pwani. Kila mgeni huambiwa: alikuja na biashara.

Nilipata filamu niliyoagizwa katika maktaba: filamu ya kumbukumbu, iliyotengenezwa hapa hapa Ubelgiji, kuhusu misafara ya watumwa kandokando ya ziwa letu, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka yetu. Niliitazama kwanza peke yangu, jikoni, na daftari mkononi, kama ninavyojiandaa kwa kazi yoyote. Katikati yake mtaalamu mmoja wa historia alisema sentensi mbili zilizonikausha mate.

Ya kwanza: kwamba wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, waliokuja na Kiswahili, walifungua vituo ufukweni mwa ziwa na kununua na kuteka watu. Picha ikaonyesha msikiti wa Buyenzi. Ya pili: kwamba wanawake wengi waliotekwa katika milima iliyo nyuma ya Uvira hawakufikishwa pwani, bali walibakizwa katika nyumba za wafanyabiashara hao kama masuria, wakazaa, na kizazi chao kingali kikiishi katika mitaa kama Buyenzi.

Nilizisikiliza mara tatu. Nikawaona akilini wale wa Kivu wakigeuza shingo kumtazama rafiki yangu. Huko tulikotoka, swali la nani alikuja lini, na alimfanya nani nini, halijawahi kubaki swali; watu wamechomewa nyumba kwa ajili yake. Nikajiambia pia kwamba filamu yenyewe haikuwa ya haki, kwa kuwa haikusema neno juu ya Wabelgiji waliokuja baadaye kwa jina la ukombozi, wala juu ya mikono waliyoikata ili watu wawaletee mpira wa porini. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nililitumia kama mtu anavyotumia homa ndogo kukwepa mtihani.

Usiku wa Jumamosi sikulala vizuri. Niliwaza kusema nimeugua, au kwamba diski imekwaruzika. Alasiri ya Jumapili nikaenda.

Dakika ile ikafika. Mtaalamu akafungua kinywa. Nikapandisha sauti kuliko kawaida na kusema kwamba zamani palikuwa na wafanyabiashara wengi ziwani, wa kila namna, wakitafuta pembe za ndovu. Msikiti ukapita kwenye skrini. Rafiki yangu akainua kichwa. Kwa sentensi ya pili sikusema hata hayo. Nilisema njia zilikuwa ndefu na watu waliteseka sana.

"Eeh, maman!" Sauti ilitoka nyuma, ya mfanyakazi wa usafi kutoka Uvira, ambaye ulimi wake tunaujua. "Mbona unakula maneno? Ule muzee anasema mingi, weye unasema kidogo. Una njaa? Sambusa ziko huku!"

Wakacheka. Nami nikacheka, nikasema yule mzee anaongea kasi. Rafiki yangu hakucheka. Alinitazama kwa kitambo, kisha akashusha macho kwenye mapaja yake, na sehemu ya vita ilipoanza alikuwa hatazami tena.

Jioni hiyo hakunisubiri kwenye kituo cha basi. Nilimwandikia ujumbe, aliusoma, hakujibu. Wiki iliyofuata nilimkuta karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, katika duka tunakonunua unga wa muhogo. Nikasogea ili anibusu shavuni kama siku zote. Akanipa mkono.

"Ça va, maman?" akasema. "Nyumbani wazima?"

Maman ni neno la heshima. Hapa tunaitana hivyo hata na wanawake tusiowajua. Ndiyo sababu lilinichoma. Miaka ishirini na miwili nilikuwa mdogo wake.

Baada ya hapo nilishindwa kufanya kazi yangu sawasawa. Hospitalini nilimwomba daktari arudie sentensi ambazo nilikuwa nimezisikia vizuri, kwa hofu kwamba nimeacha kitu. Nyumbani nilipanga visingizio na kuvifuta. Nilichoogopa si hasira yake. Niliogopa kwamba ataendelea kuwa na adabu kwangu hivi hivi, mwezi hadi mwezi, mpaka tuzoee.

Jumamosi moja asubuhi nikachukua daftari na kwenda kwake bila kupiga simu. Alifungua mlango, akanikaribisha sebuleni, akaniletea chai kwenye sinia, katika vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, pamoja na biskuti. Kwa kawaida ningekuwa jikoni tayari, nikitafuta sukari. Nikakaa ukingoni mwa kochi, chini ya picha ya mzee wa kanzu.

"Nimekuja kuhusu ile filamu."

"Filamu iliisha."

"Kuna sentensi niliziruka."

"Mbili," akasema. "Mara mbili ulimfunika yule bwana kwa sauti. Mimi ni mtoto? Wazee wangu kazini nawaogesha kwa Kifaransa, nawalisha kwa Kifaransa, wanafia mikononi mwangu kwa Kifaransa. Niliona msikiti wetu pale, nikaona mdomo wa yule bwana unakwenda, na sauti yako imemkalia juu, inapiga kelele za pembe za ndovu. Nilitaka kusikia. Wewe ndiye uliyeniziba."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilidhani ama ameelewa yote ama hakuelewa lolote. Kumbe kwa wiki hizo zote alikuwa akijua tu kwamba kuna jambo kuhusu kwao ambalo mimi ninalo na yeye hana.

"Niliogopa watakusema."

"Wangenisema! Sina mdomo? Wale wa Kivu wananichokoza kila mwezi, nami nawachokoza. Donc uliniogopea nini? Kwamba nitapasuka?" Akakisogeza kikombe chake bila kunywa. "Magodoro yale mawili, mimi nilikuficha nini?"

Aliliona daftari mapajani mwangu.

"Ziko humo? Soma. Vilevile alivyosema."

Nikasoma ya kwanza. Neno "Waislamu" nililitamka. Neno "kununua" nililitamka. Aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Hiyo naijua," akasema. "Tunasema alikuja na biashara. Biashara ya nini, kwetu hakuna aliyewahi kuuliza, na hakuna asiyejua. Haya, nyingine."

Nikasoma ya pili. Nilipofika kwenye "masuria" aliinua mkono.

"Rudia. Walitekwa wapi?"

"Katika milima iliyo nyuma ya Uvira."

Nje, jirani alikuwa akiburuta pipa la taka kwenye lami, na niliisikia kila hatua yake.

"Mama wa bibi yangu hakuwa na kwao," akasema hatimaye. "Hakuna shangazi upande ule, hakuna mjomba, hakuna aliyekuja msibani. Tukiuliza, tunaambiwa: yule ni mtu wa nyumbani, nendeni mkacheze. Mama yangu amekufa akitaka kujua ni mtu wa nyumbani gani asiye na nyumba."

"Filamu haisemi ni yeye," nikasema haraka. "Inasema wanawake wengi. Huenda alitoka kwingine kabisa."

"Najua. Sijasema ni yeye." Akanikazia macho. "Milima hiyo wewe unaijua?"

"Nimezaliwa chini yake. Bibi yangu alikuwa na shamba kule juu."

Nilijua angeweza kuniambia niondoke, na ningeona ni haki: sentensi niliyomnyima ilikuwa inahusu mahali ambapo mimi nimepakanyaga na yeye hajawahi kupaona. Chai ilikuwa imefanya utando. Alivuta kiti chake karibu, si kwangu, bali kwa daftari, akaweka kidole juu ya mstari ule kana kwamba angeweza kuusoma mwandiko wangu wa haraka haraka.

"Kuna baridi huko?" akauliza.

"Asubuhi, sana. Ukungu unashuka mpaka mlangoni."

"Wanalima nini?"

Nikaanza na maharage, kisha muhogo, kisha viazi. Nilizungumza polepole, nikirudi nyuma kila nilipokumbuka kitu, kwa woga wa kuacha hata shamba moja, naye hakunikatiza.